Simu ya Saa Kumi na Mbili

Siku za likizo kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukinga maji. Mtaani kwetu Buruburu, mwaka huo wa 1999, mabomba yalitoa maji kuanzia alfajiri hadi saa mbili asubuhi, na aliyelala alijijua mwenyewe. Nilijaza ndoo nne, pipa la bafuni na sufuria zote kubwa. Kisha nilikwenda kununua maziwa, nikapiga deki, na ndipo nikaruhusiwa kukaa kitako. Mama alikuwa karani wa baraza la jiji, na alitaka kila kitu kiwe mahali pake kabla hajavaa viatu vya kazini. Baba alikuwa gadi wa treni. Leo yuko Malaba, kesho Mombasa, kwa hivyo mwenye nyumba hasa alikuwa Mama.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mtu niliyempenda kuliko wote alikuwa kaka yangu Wakoli. Wakoli alikuwa fundi huko Kariobangi, akitengeneza matangi ya maji. Kazi ikiisha jioni, yeye na rafiki yake Muasya walijitengenezea mitumbwi myembamba ya mtu mmoja, ile inayoendeshwa kwa kasia lenye bapa pande mbili. Wenyewe waliiita kayaki. Majirani walimcheka sana. Buruburu nzima haina hata kidimbwi cha kuogeshea bata, walisema, na huyu kijana anabeba mtumbwi begani akipita kwenye maduka. Wakoli alicheka pamoja nao na kuendelea na safari yake.

Yeye na wapenda makasia wenzake walikuwa na kikundi, lakini kikundi hicho hakikuwa na ofisi wala bendera. Kilikuwa ndani ya kompyuta. Wakati huo intaneti ilikuwa kitu kigeni, na wengi wetu tuliisikia tu redioni. Mtaani kwetu aliyeijua vizuri alikuwa Bwana Maingi, aliyefundisha kompyuta katika chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la dawa. Alikuwa amekusanya anwani za watu mia moja na kumi. Mmoja wao akituma barua pepe kwa kikundi, iliwafikia wote, wawe Kisumu, Nakuru au hata Ulaya. Waliandikiana habari za upepo, za viboko, za mto uliojaa na mto uliokauka.

Kikundi kilikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuivunja. Kila anayeingia majini lazima amwachie mtu mmoja karatasi yenye habari za safari. Mtu huyo aliitwa mtu wa nchi kavu. Kazi yake ilikuwa kungoja habari saa iliyoandikwa, na zisipokuja, kupiga mbiu bila kumwonea mtu haya. Wiki ile ya Aprili Wakoli alinichagua mimi.

"Sasa, dada," aliniambia Jumamosi jioni akinikabidhi karatasi. "Kesho wewe ndiye mtu wangu wa nchi kavu. Usiniangushe."

Niliisoma mara tatu. Jumapili, Ziwa Naivasha, Wakoli na Muasya. Mitumbwi miwili, mmoja mwekundu na mmoja wa manjano. Wataingia majini saa tatu asubuhi, wapitie kwenye mafunjo ya kaskazini kutazama ndege, kisha wavuke hadi ng'ambo kwa mjomba wake Muasya, ambako watalala. Mafunjo ni yale majani ya majini yanayoota marefu kuliko mtu. Saa kumi na mbili jioni Wakoli angepiga simu kutoka dukani karibu na kwa mjomba. Mwisho kabisa aliandika: nisipopiga hadi saa moja, mpe Maingi karatasi hii mara moja.

Nilijiona mtu mkubwa. Niliikunja karatasi nikaitia ndani ya Biblia yangu, na nikamwambia Jecinta, rafiki yangu wa nyumba ya tatu, kwamba kesho nina kazi rasmi.

Sisi hatukuwa na simu. Aliyekuwa nayo ni jirani yetu Mama Celine, naye Jumapili jioni alikwenda kwenye ushirika wa kanisa. Aliniachia ufunguo wa nyumba yake, akaniambia nikae sebuleni, nisiguse vikombe vya kabatini, na simu ikilia niipokee kwa adabu. Saa kumi na mbili kasorobo nilitoka nyumbani nikiwa na ufunguo mkononi.

Sikufika. Uwanjani watoto walikuwa wakicheza kati, ule mchezo wa kurushiana mpira huku aliye katikati akiukwepa, na upande wa Jecinta ulikuwa umebaki na mtu mmoja.

"Lorine, si ukuje," Jecinta aliniita. "Tunapigwa. Ni dakika tano tu."

Mimi nilikuwa fundi wa kukwepa mpira, na nilijua hivyo, na huo ndio uliokuwa ugonjwa wangu. Nikaingia. Dakika tano zikazaa nyingine tano. Tuliposhinda nilishangiliwa, tukaanza mchezo wa pili. Nilipokuja kukumbuka simu, mama wa watoto wote walikuwa wameshaanza kuwaita ndani. Nilikimbia hadi kwa Mama Celine, nikafungua mlango, nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa moja na dakika kumi. Nikakaa mbele ya ile simu nikaitazama, nayo haikulia.

Hapo ndipo nilipoanza kujidanganya mwenyewe kabla ya kuwadanganya wengine. Nilisema moyoni kwamba Wakoli lazima alipiga saa kumi na mbili kamili, kwa sababu Wakoli hachelewi. Alipiga, hakupata mtu, akaenda zake kula kwa mjomba. Nikimpelekea Bwana Maingi karatasi, watu watahangaika bure, na Mama ataniuliza nilikuwa wapi.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa akipakua ugali. Aliniuliza kama Wakoli amepiga simu. Nikasema amepiga, wamefika salama, anasalimia. Hilo la kusalimia nililiongeza mwenyewe, na lilitoka mdomoni bila kukwama. Mama aliweka mwiko chini, akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa kumlinda mwanawe juu ya maji. Mimi pia nilifumba macho. Sijawahi kula ugali mgumu kumeza kama ule.

Jumatatu Wakoli alitakiwa kuwa kazini saa nane mchana. Saa kumi msimamizi wake alipiga simu kwa Mama Celine kuuliza kama ni mgonjwa, kwa sababu si desturi yake kukosa bila kutoa habari. Mama alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini. Alisimama kwenye veranda ya Mama Celine akiwa bado ameshika mkoba wake, akaniagiza nilete ile karatasi, na tukaenda kwa Bwana Maingi karibu tukikimbia.

Bwana Maingi alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisoma karatasi akiwa amesimama. Kwanza alipiga simu kwa polisi wa Naivasha, akawatajia majina na rangi za mitumbwi. Kisha akaketi mbele ya kompyuta, modemu ikalia na kukoroma mpaka ikashika laini.

Barua ya kumtafuta mtu ilikuwa na utaratibu wake kwenye kikundi. Aliigawa sehemu tatu: tunayoyajua, tuliyoyasikia na tunayoyadhani. Alitueleza kwamba watu wakiwa na hofu huchanganya hayo matatu, na mtafutaji hupotea kuliko hata anayetafutwa. Kila jambo pia liliandikwa pamoja na jina la aliyelisema. Jambo lisilo na mwenyewe halikuwekwa.

"Sasa hii simu ya jana," alisema, akanigeukia. "Lorine, ulisikia sauti yake wewe mwenyewe?"

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono wake ukiwa begani pangu. Ningeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na mimi nikaufunga kwa mikono yangu miwili.

"Ndiyo," nilisema. "Nilimsikia."

Akaandika katika sehemu ya kwanza, ile ya tunayoyajua: Jumapili saa kumi na mbili jioni Wakoli alimpigia dada yake simu, akasema wamefika salama. Niliyaona maneno hayo yakitokea kwenye kioo, herufi baada ya herufi. Akabonyeza, na uongo wangu ukaenda kwa watu mia moja na kumi.

Jumanne asubuhi Mama aliomba ruhusa kazini. Saa mbili tulikuwa juu ya duka la dawa. Usiku kucha barua zilikuwa zimeingia, thelathini na moja kwa jumla, na Bwana Maingi alitusomea moja baada ya nyingine. Watu ambao hawakuwahi kumwona Wakoli kwa macho walikuwa wameacha shughuli zao kwa ajili yake.

Kulikuwa na Truphena, mwanamke aliyekuwa karani katika shamba la maua kando ya ziwa. Polisi na walinzi wa wanyamapori wa pale hawakuwa na barua pepe, kwa hivyo yeye ndiye aliyekuwa akichapisha kila ujumbe na kuwapelekea kwa miguu. Alikuwa amefika hadi kwa mjomba wa Muasya. Mjomba alisema hakuwaona vijana kabisa, akadhani wameahirisha safari. Basi kila mtu aliunganisha mambo kwa njia moja. Kama Wakoli alipiga simu kutoka dukani, basi walishatoka majini. Na kama hawakufika kwa mjomba, basi wamepatwa na jambo barabarani, kati ya duka na nyumba. Polisi walikuwa wakitafuta kwenye mitaro, vichakani na kwenye nyumba za wageni. Boti ya walinzi ilikuwa imefungwa gatini, kwa sababu hapakuwa na haja ya kutafuta majini.

Halafu Bwana Maingi akasoma barua ya Mzee Sylvance. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu wa Nakuru, aliyependa makasia tangu ujana wake.

"Nimepita hospitali ya Nakuru na ya Gilgil," aliandika. "Hawamo. Goti langu linanisumbua lakini leo nitakwenda zahanati zote za barabarani. Mwambieni mama yake asikate tamaa. Nashukuru dada yake alizungumza naye, maana angalau tunajua wako nchi kavu."

Mama alianza kulia bila sauti. Alisema Mungu ambariki huyo mzee, ambaye hata sura yake haijui. Mimi nilimfikiria mzee mwenye goti bovu akipanda ngazi za hospitali, kitanda hadi kitanda, akimtafuta kaka yangu mahali ambapo hakuweza kuwa. Alikuwa akinishukuru. Nikajua kwamba nikinyamaza dakika moja zaidi Wakoli atakufa na mimi ndiye nitakayekuwa nimemuua.

"Mama," nilisema, "sikumsikia."

Hakunielewa. Ilibidi niseme tena, na mara hii nilisema yote. Nilisema habari ya mchezo wa kati, ya saa moja na dakika kumi, na ya simu ambayo haikulia hata mara moja nikiwa pale. Nilisema kwamba salamu nilizitunga. Nilisema nikiangalia sakafu.

Nilingoja kofi, na kweli ningelipokea kwa shukrani. Badala yake aliketi kwenye kiti cha wanafunzi na kuziba uso kwa leso yake.

Bwana Maingi hakunigombeza. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, na kuvuta kibodi karibu.

"Hilo la kulaumiana litangoja," alisema. "Sasa tunaandika barua ya kusahihisha. Lakini unajua sheria yetu, Lorine. Lazima niseme ni nani aliyesema. Niandike nani?"

Angeweza kuandika kwamba kulitokea kosa, basi. Nadhani hata Mama angekubali. Watu mia moja na kumi wangelijua jina langu, na wengine walikuwa majirani zetu hapa hapa Buruburu.

"Andika mimi," nilisema. "Andika Lorine Nabiswa, dada yake Wakoli. Sema nilidanganya."

Akaandika hivyo hivyo. Hakuna aliyesikia sauti ya Wakoli tangu Jumapili asubuhi. Habari ya simu si kweli, imeondolewa na aliyeitoa, Lorine Nabiswa, ambaye anaomba radhi. Kisha akapiga simu kwa polisi wa Naivasha na kuwaeleza. Ilikuwa saa tatu na robo.

Jibu la kwanza lilifika kabla ya saa nne, na lilikuwa la Mzee Sylvance. Lilikuwa fupi. "Asante, Lorine. Sasa tunajua pa kutafuta." Nililia sana. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, si kushukuriwa.

Baada ya hapo barua zilimiminika, na zote zilizungumzia maji. Truphena aliandika jambo alilolijua kwa macho yake. Tangu mvua kubwa za mwaka uliotangulia, alisema, mapande makubwa ya mafunjo yalikuwa yameng'oka na sasa yanaelea ziwani na kusukumwa na upepo, kila moja kubwa kuliko uwanja wa mpira. Pande moja lililokuwa mbele ya shamba lao lilihama Jumapili alasiri, upepo ulipovuma. Leo lilikuwa limekwama upande wa kaskazini. Alikuwa akiliona kutoka dirisha la ofisi yake.

Nusu saa baadaye akaandika mwanamume mmoja kutoka Ulaya, aliyewahi kukaa Naivasha akichunguza ndege. Alisema nyuma ya mafunjo ya kaskazini kuna kidimbwi kilichofichika, kizuri sana kwa ndege, na mlango wake ni mwembamba. Yeye mwenyewe aliwahi kuzibiwa humo na mafunjo yanayoelea, akakaa siku nzima. Ukiwa ndani huonekani kutoka ziwani, na ukipiga kelele hakuna anayesikia. Kupita juu ya mafunjo haiwezekani, kwa sababu mtu huzama. Njia ni kuzunguka kwa upande wa mto na kufyeka kwa panga. Alichora ramani kwa herufi na vistari, kwa sababu siku hizo picha zilichukua muda mrefu kupita kwenye laini ya simu.

Bwana Maingi aliiweka ile ya kidimbwi katika sehemu ya tunayoyadhani, na hakuihamisha, ingawa Mama alimwomba mara mbili. Truphena aliichapisha ramani na kukimbia nayo kwa walinzi. Saa sita boti yao iliondoka gatini. Kisha barua zikakoma, na sisi watatu tukakaa tukitazama kioo kisichosema kitu. Mama Celine alituletea chai kwenye chupa na mikate. Hakuna aliyekula.

Saa tisa na dakika ishirini simu ya Bwana Maingi ililia. Alisikiliza, akasema ndiyo mara nne, akampa Mama mkono wa simu. Nilisikia sauti nyembamba ikitoka ndani yake, na nikajua ni ya nani. Mama aliita jina la Wakoli mara moja tu, kisha akashindwa kuzungumza, ikabidi Bwana Maingi aichukue simu tena.

Walikutwa pale pale penye kidimbwi. Walikuwa wameingia kutazama ndege, na upepo ukaziba mlango nyuma yao. Muasya alipojaribu kutafuta njia juu ya mafunjo alizama hadi kifuani, na Wakoli akamvuta kwa nguvu mpaka bega la Muasya likateguka. Maji ya kunywa yalikuwepo, lakini chakula kilikuwa pakiti moja ya biskuti, na viboko waliwakoromea siku mbili bila kupumzika. Usiku wa tatu wasingeuweza, hivyo ndivyo daktari alivyosema, kwa sababu Muasya alikuwa ameanza kuungua kwa homa.

Wakoli alirudi Jumatano mchana. Alikuwa amekonda usoni na midomo imempasuka. Nilimngoja mlangoni, na kabla hajaketi nilimweleza yote, kwa sababu sikutaka ayasikie kwa mtu mwingine. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia jambo ambalo sijalisahau.

"Jumapili saa moja jioni nilitazama saa," alisema. "Nikamwambia Muasya, sasa hivi Lorine yuko njiani kwa Maingi. Tuvumilie, asubuhi watakuja. Jumatatu kutwa tulisikiliza boti. Muasya akasema labda hakuna anayejua. Nikamwambia haiwezekani, wewe humjui dada yangu."

Hakulisema kwa hasira. Laiti angelisema kwa hasira. Niliomba msamaha, akanivuta na kunikumbatia, na nguo zake bado zilinuka matope ya ziwa. Alisema amenisamehe, na ninaamini alinisamehe, lakini siku mbili zile hakuna awezaye kuzirudisha, na bega la Muasya liliuma kila baridi ilipoingia.

Jumamosi Mama alinipeleka tena kwa Bwana Maingi. Alitaka niwaandikie shukrani wote walioandika, si barua moja kwa kikundi kizima, bali kila mtu yake, kwa jina lake. Thelathini na moja za kwanza, na nyingine kumi na tisa zilizofuata. Nilikuwa sijui kupiga chapa. Nilitafuta kila herufi kwa kidole kimoja.

Nilipofika kwa Mzee Sylvance nilikwama. Nilimuuliza Mama kwa nini mtu anishukuru wakati nilimtembeza hospitali mbili bure na goti linamuuma. Mama alivuta kiti akaketi karibu nami. Tangu Jumanne alikuwa hajazungumza nami kwa muda mrefu hivyo.

"Lorine, mchezo si dhambi," alisema. "Ulisahau saa, na watu wazima pia husahau. Ungekuja saa moja na dakika kumi ukaniambia umesahau, ningekukemea, tungeenda kwa Maingi, na Jumatatu asubuhi kaka yako angekuwa nyumbani. Kosa la kwanza lilikuwa la dakika. Uongo ndio ulioligeuza kuwa la siku mbili."

Nilisema nimeelewa. Lakini alikuwa hajamaliza.

"Na hawa watu," aliendelea, akionyesha kioo, "hawatujui. Hawakuwa na kitu cha kumtafutia mtoto wangu isipokuwa maneno tuliyowapa. Anayekutafutia mtu wako hutazama kwa macho yako. Ukimpa uongo, umempofusha, hata awe na moyo mzuri namna gani. Ulipowapa ukweli, ukiwa na aibu yako yote, ndipo walipoona. Ndiyo maana huyo mzee alikushukuru, na mimi pia ninakushukuru. Mtoto wangu yuko hai kwa sababu yao, na kwa sababu mwishowe ulisema."

Nilikuwa nimejaa aibu na shukrani kwa pamoja, na sikujua ni ipi iliyokuwa ikitoa machozi. Mama alinipa leso yake, akanyooka, na sauti yake ya kikarani ikarudi.

"Sasa mwandikie mzee wa watu," alisema. "Muulize goti linaendeleaje."

Nikaandika.